Mashauri ya Kutumia Akili Mnemba: Uhakiki wa Karatasi Iliyofika Kilema

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa Kilema, katika Wilaya ya Moshi, ametuletea karatasi ya kurasa mbili yenye kichwa "Vidokezo Kumi vya Kuzungumza na Akili Bandia". Karatasi hiyo haina jina la mwandishi, wala la mfasiri, wala la ofisi yoyote. Ni dhahiri kwamba imetafsiriwa kutoka Kiingereza, na dalili zaonyesha kuwa imetafsiriwa na mtambo wa namna ile ile inayoifundisha. Hupitishwa kwa simu kutoka mwalimu hadi mwalimu, na sasa imekwisha kuchapwa na kubandikwa ukutani. Mwalimu anatuuliza mambo mawili: Je, Kiswahili cha karatasi hii ni sahihi? Je, mashauri yake yafaa kufuatwa?

Tumeona vema tuyajibu maswali haya katika kurasa hizi kwa sababu wanaoyauliza ni wengi. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba, 2022, mitambo ya namna hii imeingia katika kazi za wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa kasi ambayo uundaji wa istilahi haukuweza kuifuata. Walimu huitumia kutayarishia masomo na mitihani. Wafasiri huitumia kupatia rasimu ya kwanza. Maofisa huitumia kuandikia matangazo na kumbukumbu za mikutano. Watu hawakungoja vikao vya istilahi. Wamekwisha kusema, na kila mmoja amesema kwa maneno aliyoyaona karibu.

Hatuna nia ya kumcheka mfasiri asiyejulikana. Karatasi yake ina mashauri mazuri, nasi tutayataja. Lakini ina makosa ya istilahi, na kila kosa la istilahi ndani yake limezaa kosa la matumizi. Hilo ndilo tunalokusudia kulionyesha, kisha tutoe mapendekezo yetu.

1. Jina la kitu chenyewe

Karatasi husema "akili bandia". Jina hili limeenea, wala si kosa la sarufi. Hata hivyo, neno bandia katika matumizi ya kila siku lina maana mbili. Kwanza, ni kitu kilichotengenezwa ili kishike nafasi ya kile cha asili, kama meno ya bandia. Pili, ni kitu cha kughushi kilichokusudiwa kudanganya, kama noti bandia na dawa bandia. Mwananchi aonapo neno hilo katika tangazo la serikali, aghalabu huifikiria maana ya pili. Kwa hiyo kichwa cha karatasi humwambia msomaji kwamba atazungumza na akili ya kughushi, kisha karatasi yenyewe humsihi aiamini.

Wengine husema "akili unde". Jina hili lina sifa ya uwazi, maana msomaji hukitambua mara moja kitenzi kuunda. Katika maandishi rasmi ya Tanzania jina lililoshika nguvu ni "akili mnemba", nalo ndilo tunalolitumia hapa. Walimu wengine hulalamika kwamba neno mnemba halimpi mwananchi picha yoyote. Sisi twaona kwamba kasoro hiyo ina faida yake. Neno lisilozoeleka halina mizigo ya maana nyingine, hivyo huipokea maana linayopewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa neno "kitivo", lililotoka katika lugha za milima jirani ya Upare na Usambara likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Leo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu asiyelijua kuwa ni sehemu ya chuo chake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "ngeli", lililotoka Kihaya, ambalo mwalimu wa sarufi hulitumia kila siku bila kukumbuka kwamba liliazimwa.

Lakini kosa kubwa zaidi la kichwa hicho si uchaguzi wa neno bandia. Ni kule kuchanganya dhana mbili. Akili mnemba ni jina la taaluma na la uwezo kwa jumla. Kile ambacho mwalimu wa Kilema anakiandikia katika simu yake ni mtambo mmoja tu uliotokana na taaluma hiyo. Kusema "nimezungumza na akili mnemba" ni sawa na mtu aliyesikiliza redio kusema kwamba amesikiliza fizikia. Twapendekeza basi kwamba kile kijibucho maswali kwa maandishi kiitwe "mtambo wa mazungumzo". Jina hili ni refu kidogo, lakini halimpotoshi mtu.

2. "Haraka", kidokezo au agizo?

Kidokezo cha kwanza cha karatasi chasema: "Mpe haraka iliyo wazi." Mwalimu wetu aliisoma sentensi hii mara tatu. Alidhani ameambiwa aandike upesi, naye akaandika upesi. Chanzo cha kosa ni rahisi kukieleza. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana zaidi ya moja. Likiwa kivumishi, maana yake ni isiyochelewa. Likiwa nomino, ni maneno machache anayonong'onezwa mwigizaji aliyesahau sehemu yake jukwaani. Na kutokana na maana hiyo ya pili limechukuliwa kutaja yale maneno ambayo mtumiaji huyaandika ili mtambo umjibu. Mtambo uliotafsiri karatasi ulishika maana ya kwanza, na binadamu aliyeipitisha hakuikagua.

Wafasiri wengine wameandika "kidokezo". Maana yake ni karibu na ile ya jukwaani, lakini lugha yetu imekwisha kulitumia neno hilo kwa mashauri mafupi, kama kichwa cha karatasi hii kinavyoonyesha. Mtu atakayefuata njia hiyo atalazimika kuandika "vidokezo vya kuandika vidokezo". Wengine wamesema "amri". Neno hili limekwisha kutumika katika kompyuta kwa maana nyingine, na tena lina sauti ya kijeshi. "Swali" halitoshi, kwa kuwa mara nyingi mtumiaji haulizi bali anataka aandikiwe barua au afupishiwe taarifa.

Sisi twapendekeza "agizo", wingi wake "maagizo". Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mtu aagizapo kitu dukani au kwa fundi hutaja kipimo, rangi na siku ya kukichukua. Asipotaja hupata chochote atakachopewa. Hivyo ndivyo mitambo hii ifanyavyo kazi. Pili, katika ofisi zetu agizo lina mwenyewe. Kila agizo limetolewa na mtu, na mtu huyo ndiye anayeulizwa likiharibika. Maana hiyo tunaihitaji sana, kama itakavyoonekana katika sehemu inayofuata.

3. Mtambo u katika ngeli gani?

Karatasi yasema: "Zungumza naye kama rafiki. Mwambie yeye ni nani, kisha muulize anachokijua." Msomaji wa Kiingereza anaweza kuyasoma maneno kama hayo bila kuamua kama kinachozungumzwa ni mtu au chombo. Kiswahili hakimpi mwandishi nafasi hiyo. Kila kitenzi chetu hudai upatanisho, na upatanisho hutangaza jinsi mwandishi anavyokiona kitu: anasema, unasema, inasema. Tukisema "roboti anajua", tumekwisha kuifanya roboti kuwa kiumbe chenye uhai kabla hoja haijaanza.

Mtu aweza kusema kwamba katika hadithi zetu Sungura na Fisi huzungumza, na hata mawe na miti hupewa vinywa. Ni kweli, na hiyo ni haki ya fasihi. Lakini karatasi ya mashauri si hadithi. Mtumishi akiandika katika jalada kwamba "akili mnemba ameshauri ombi likataliwe", nani atakayeitwa kujieleza mwombaji akikata rufaa? Jalada linalosema "mtambo uliandika rasimu, ofisa akaihakiki na kuitia saini" halina utata huo. Tofauti ya kiambishi kimoja hapa ni tofauti ya wajibu.

Kwa hiyo twashauri kwamba mtambo wa mazungumzo ubaki katika ngeli yake ya U-I katika maandishi yote ya shule na ya serikali: mtambo unajibu, mitambo inajibu. Aidha, lugha yetu ina umbo maalumu la kutajia chombo na kazi yake, nalo ni kauli ya kutendea. Twasema jembe la kulimia, kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Mwalimu awafundishe wanafunzi wake kusema kwamba wana mtambo wa kuandikia na wa kutafsiria. Hapo hatahitaji somo refu la kuwaeleza kwamba hawana rafiki mpya.

Karatasi yatoa pia shauri la kuuambia mtambo kwamba "wewe ni daktari mwenye uzoefu wa miaka ishirini". Shauri hili si baya, lakini halikuelezwa. Cheo hicho hubadili mtindo wa jibu: msamiati, mpangilio na kina cha maelezo. Hakiuongezei mtambo maarifa ambayo haukuwa nayo. Kanzu ya kuazima humpa mtu sura ya kadhi, haimpi elimu ya kadhi.

4. "Maono", na funzo la theluji

Kidokezo cha saba chasema: "Jihadhari, kwa maana akili bandia huona maono." Kinachotajwa ni tabia inayojulikana sana ya mitambo hii kutoa jibu lililopangwa vizuri, lenye majina, tarehe na namba za sheria, ambalo halina ukweli wowote. Kuiita tabia hiyo maono ni kosa la hatari. Katika misikiti na makanisa yetu, aonaye maono ni mtu aliyefunuliwa jambo ambalo wengine hawakulijua. Msomaji mchaji wa Kilema ataisoma sentensi hiyo kama sifa.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mtambo wa mazungumzo umepitishwa katika maandishi mengi mno, nao umejifunza kukisia kipande gani cha neno hufuata baada ya vipande vingine. Hauna ndani yake kamusi ya kufunua wala jalada la kuchungulia, isipokuwa umeunganishwa na chombo cha kutafutia. Maandishi yaliyoulea ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Kiswahili ni kidogo, na Kichagga ni haba kabisa. Tena mtambo haukati maneno kwa mofimu kama mwalimu wa sarufi. Chukua neno hawatatupikia. Sisi twaona humo ukanushi, watenda, wakati, watendwa, mzizi, kauli na kiishio. Mtambo huona vipande vilivyokatwa kwa kufuata wingi wa kutokea kwake katika maandishi, na mara nyingi mikato hiyo hailingani na mofimu. Ni ajabu kwamba huandika Kiswahili vizuri kiasi uandikavyo. Lakini kuandika vizuri na kujua ni mambo mawili.

Historia ya Kilema yenyewe ina mfano unaofaa. Mwezi wa Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri kwenda Uchaggani, akapokewa Kilema na Mangi Masaki. Njiani, tarehe 11 Mei, aliona weupe juu ya mlima, na kiongozi wake akautaja weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Kiongozi hakuwa na jina la kitu hicho, akakitaja kwa athari yake. Huo haukuwa ujinga. Ndiyo hatua ya kwanza ya istilahi nyingi. Neno theluji ndilo lililokuja kutulia katika maandishi.

Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, alikanusha kwamba mlima ulio karibu na ikweta waweza kuwa na theluji ya kudumu. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma sana habari za ndani ya Afrika zilizoandikwa hadi wakati wake, naye aliweza kuzipanga na kuzilinganisha. Alichokosa ni kuuona mlima. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, na hata mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda zaidi ya meta 4,000 na kuthibitisha theluji, Cooley hakuridhika. Wakati wote huo watu wa Kilema waliiona theluji kila asubuhi mawingu yalipofunguka, na hakuna msomi wa London aliyewauliza.

Mtambo wa mazungumzo u katika hali ya Cooley: umesoma mengi, haukuona hata kimoja. Tofauti ni kwamba Cooley alitia jina lake katika kitabu chake, na sifa yake ilipungua alipodhihirika kuwa amekosea. Mtambo hauna jina la kupoteza. Atakayelipoteza ni yule aliyenakili jibu lake.

Sasa tuite nini tabia hiyo? "Uongo" haufai, kwa kuwa mwongo huijua kweli akaificha. "Uzushi" una kasoro ile ile ya kubeba nia. Wako waliopendekeza "kuweweseka", na pendekezo hilo lina nguvu: mtu aweweseka usingizini hutamka maneno yanayosikika, naye hajui asemalo. Hata hivyo, anayeweweseka ni kiumbe hai aliyelala, atakayeamka na kujua. Mtambo hauamki. Kwa matumizi ya shule na ofisi sisi twapendekeza istilahi ya wazi zaidi, "jibu la kubuni". Haidai kwamba mtambo una nia wala usingizi, nayo humwonya msomaji kwa maneno anayoyajua. Wanaopenda "kuweweseka" hatuwakatazi kulitumia katika mazungumzo.

5. "Jenereta ya picha"

Kidokezo cha tisa humtaka mwalimu atumie "jenereta ya picha". Kwa mwananchi wa Tanzania jenereta ni mashine yenye moshi na kelele inayowashwa umeme ukikatika. Mwalimu alidhani kwamba picha hizo zahitaji umeme wa namna yake. Hapa lugha yetu ina njia nzuri iliyokwisha kujaribiwa. Tuna kipaza sauti na kinasa sauti. Kwa kufuata umbo hilo twapata "kiunda picha", wingi wake "viunda picha". Mwanafunzi wa darasa la nne atalielewa bila kufafanuliwa.

Mitambo ya aina hii ilienea mno mwaka 2022, zilipotolewa DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion. Imejifunza kutokana na picha zilizoambatanishwa na maelezo, na maelezo hayo mengi ni ya Kiingereza. Kutokana na hayo yatokea matatizo mawili ambayo karatasi haikuyagusa.

La kwanza ni la maneno yenye maana zaidi ya moja. Mtu akiagiza picha ya nyanya aweza kupata tunda badala ya bibi. Akiagiza mbuzi aweza kupata mnyama badala ya chombo cha kukunia nazi. Paa aweza kuwa mnyama wa porini au kuwa la nyumba. Msomaji wetu huokolewa na upatanisho: mbuzi huyu, mbuzi hii, paa huyu, paa hili. Mtambo hauutegemei upatanisho huo kwa uhakika. Inafaa basi mwenye kuagiza aongeze maneno: "bibi mwenye umri wa miaka sabini", "mbuzi ya kukunia nazi, yenye kiti cha mti na meno ya chuma".

La pili ni la mazingira. Tulipoagiza picha ya nyumba ya mkulima katika mteremko wa Kilimanjaro, kiunda picha kimoja kilitupa kibanda cha nyasi katika mbuga kavu, mti wa mgunga kando yake, na mlima kwa mbali. Hiyo ni picha ya mtalii aliyesimama tambarare. Kilema haiko hivyo. Kilema ni kihamba: miti mikubwa juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, na magimbi na maharage karibu na ardhi, mfongo unapitisha maji toka mtoni, masale yamepandwa mpakani, nyumba ina bati. Mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, katika wilaya hiyo hiyo ya Moshi, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mtoto wa Kilema akipewa picha ya kwanza darasani na kuambiwa "hapa ni kwenu", amefundishwa kutoamini macho yake.

Maneno kihamba, mfongo, masale na mbege yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha mkoa mzima. Mwalimu asiyaache kwa sababu mtambo hauyajui. Ayaeleze katika agizo: asiandike "kihamba" peke yake, bali "kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni chini ya miti mikubwa". Kwa kufanya hivyo atapata picha bora, na neno litabaki.

6. Jambo lisilo la mchezo

Huenda msomaji akaona kwamba haya yote ni ubishi wa maneno. Tumpe mfano wa mibuni. Wakulima wa Kilimanjaro wanayajua magonjwa mawili makubwa ya kahawa. Chulebuni hushambulia tunda, hasa likiwa bichi. Kutu ya majani huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Ni magonjwa tofauti na matibabu yake si mamoja. Mtambo mmoja tulioujaribu uliita chulebuni "ugonjwa wa beri la kahawa", na katika aya iliyofuata ukaeleza dalili za majani. Ofisa akiinakili aya hiyo katika tangazo la kijiji, mkulima hatalitambua jina, atatambua dalili, naye atanunua dawa ya ugonjwa ambao hana. Hasara hiyo ni ya fedha na ya msimu mzima. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungo imetoa mibuni bora inayostahimili magonjwa yote mawili, na wataalamu wake wana majina ya Kiswahili ya magonjwa hayo. Jina sahihi lilikuwapo karibu, ila halikutafutwa.

7. Mashauri yetu

Karatasi ina mashauri matatu tunayoyaunga mkono: kuandika agizo kwa ukamilifu, kugawa kazi kubwa katika hatua, na kurudia agizo kwa kulirekebisha pale jibu lisiporidhisha. Kwa hayo twaongeza yafuatayo:

(a) Agizo litaje msomaji, kiwango cha lugha, urefu na umbo. Usiandike "niandikie habari za kilimo". Andika: "Andika aya tatu kwa Kiswahili sanifu cha Tanzania, kwa wanafunzi wa darasa la tano, kueleza kazi za mfongo katika kihamba."

(b) Toa taarifa wewe mwenyewe, kisha uagize mtambo utumie taarifa hizo tu. Mtambo hupanga vizuri zaidi kuliko unavyokumbuka.

(c) Kabla ya kutafsiri, upe mtambo orodha ya istilahi zilizosanifiwa. Bila orodha hiyo utakupa majina matatu ya dhana moja katika ukurasa mmoja.

(d) Usiulize swali lililobeba jibu lake. Mitambo hii huelekea kukubaliana na mwenye kuuliza. Badala ya "Je, si kweli kwamba hii ni kutu ya majani?" andika "Taja magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizi, na tofauti zake."

(e) Hakiki kila jina, tarehe, tarakimu na namba ya sheria katika maandishi yenye mwenyewe. Usiuombe mtambo ujihakiki, kwa maana utakuthibitishia.

(f) Safisha lugha. Futa "mwisho wa siku" palipo na "hatimaye", futa "inacheza jukumu muhimu" palipo na "ina umuhimu", na punguza "ambayo" pale ambapo o-rejeshi yatosha. Maneno hayo ni ya Kiingereza yaliyovaa kanga.

(g) Usiingize katika mtambo majina ya wanafunzi, habari za wagonjwa wala yaliyomo katika majalada ya serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo haikumsamehe mtu kwa sababu alikuwa na haraka.

(h) Picha iliyoundwa na kiunda picha iandikwe hivyo chini yake, hasa katika kitabu cha shule.

Hitimisho

Hatusemi kwamba mitambo hii isitumike. Mfasiri mwenye kazi ya kurasa mia moja na siku tano hawezi kuambiwa aiache, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini anastahili msaada wowote aupatao. Tunachosema ni kwamba maneno tunayoyatumia kuitajia mitambo hiyo ndiyo yatakayoamua jinsi tutakavyoitumia. Anayedhani anazungumza na mtu mwenye maono atasikiliza. Anayejua kwamba ametoa agizo kwa chombo, na kwamba jibu laweza kuwa la kubuni, atakagua.

Kuna jambo moja zaidi. Kiswahili kinachoandikwa leo ndicho kitakachosomwa na mitambo ya kesho. Tukiyapitisha majibu yake bila kuyasafisha, tutakuwa tunairudishia makosa yake, nayo itatupa tena makosa hayo yakiwa yamethibitishwa na wingi. Mfasiri anayesahihisha ukurasa mmoja leo anasahihisha zaidi ya ukurasa huo.

Istilahi tulizozipendekeza hapa ni nne: mtambo wa mazungumzo, agizo, jibu la kubuni, na kiunda picha. Bado ni mapendekezo. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu katika kazi zao, kisha watuandikie zilipofaa na ziliposhindwa. Tunawaomba hasa walio vijijini watuletee majina yanayotumiwa na wananchi wenyewe, hata kama yanaonekana kuwa ya mzaha. Jina litakalodumu laweza kuwa limekwisha kutamkwa, na kazi yetu ikawa ni kulisikia tu.